Maumivu ni ya Kweli, Lakini Je, Ni ya Kidonge?

Lehemu haiumi. Mtu anaweza kukaa na kiwango kikubwa cha mafuta kwenye damu kwa miaka mingi bila dalili yoyote, mpaka siku mshipa wa moyo unapoziba au kiharusi kinapomlegeza upande mmoja. Kwa hiyo mgonjwa anayeandikiwa statini, yaani dawa za jamii ya simvastatini, atovastatini na rosuvastatini, anaanza safari isiyo na haki: faida ya kidonge haonji, ila kero yoyote inayojitokeza baada ya kukimeza anaihisi papo hapo. Dawa ya malaria hushusha homa, na ya maumivu humpa mtu usingizi. Statini humpa karatasi ya maabara yenye namba iliyopungua. Mapaja yakianza kuuma katika wiki ya tatu, au magoti yakikataa kumwinua mtu kutoka kwenye mkeka, mshukiwa yuko tayari mkononi. Wengi huamua kesi hiyo peke yao, kimyakimya. Vidonge vinabaki kabatini, kliniki haiambiwi, na daktari anaendelea kuandika dawa isiyomezwa.

Ubishi juu ya jambo hili umegawanya watu makundi mawili. Kundi la kwanza linaamini kila maumivu yanayompata mtu akiwa kwenye statini ni sumu ya dawa, na tiba yake ni kuitupa. La pili, ambalo lina madaktari wengi, linaona malalamiko hayo ni wasiwasi tu, na tiba yake ni kumkemea mgonjwa aendelee. Makundi yote mawili yanakosea kwa namna ileile: yanajibu kwa kubahatisha swali ambalo mwili wa kila mgonjwa unaweza kuulizwa ukajibu. Maumivu ya mgonjwa ni ya kweli siku zote. Chanzo chake ndicho kinachohitaji uchunguzi, na uchunguzi huo hauhitaji mashine ya gharama kubwa. Unahitaji muda, utaratibu, na mgonjwa anayeaminiwa.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa, kwa sababu anayetetea dawa hizi bila kutaja madhara yake hastahili kusikilizwa. Mwaka 1973 Mjapani Akira Endo, akifanya kazi katika kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alipata kutoka kwenye kuvu kemikali inayozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza lehemu. Ini likipungukiwa na lehemu yake, huivuta kutoka kwenye damu, na ile mbaya, LDL, hushuka. Statini ya kwanza kuidhinishwa, lovastatini, iliingia sokoni Marekani mwaka 1987. Lakini njia hiyohiyo ya kikemia ina matawi yanayohitajiwa na seli nyingine, za misuli zikiwemo, na kwa wachache misuli huumia kweli. Mwaka 2001 kampuni ya Bayer iliiondoa sokoni serivastatini baada ya vifo zaidi ya 50 vya watu ambao misuli yao iliyeyuka na kuziba figo, baadhi yao wakiwa wameichanganya na dawa nyingine ya mafuta, gemfibrozili. Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba wagonjwa waliorithi umbo fulani la jeni iitwayo SLCO1B1 kutoka kwa wazazi wote wawili, wakipewa simvastatini miligramu 80 kwa siku, takribani 18 kati ya kila 100 walipata ugonjwa wa misuli ndani ya miaka mitano. Wasio na umbo hilo hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaelekeza kwamba mgonjwa mpya asianzishiwe tena dozi hiyo ya 80. Kisukari nacho kipo. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliounganisha majaribio 13 ulikuta kwamba ukiwatibu watu 255 kwa statini kwa miaka minne, mmoja wa ziada atapata kisukari, na uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa hatari hiyo hupanda zaidi kwa dozi kubwa, hasa kwa watu ambao sukari yao tayari iko mlangoni.

Haya ni madhara halisi. Hata hivyo, malalamiko tunayoyasikia kila siku ni mengine: mwili kuuma, mapaja kukaza, uchovu, kukosa nguvu. Hapo ushahidi unageuka. Katika jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2002, lenye watu zaidi ya 20,500, kiasi cha theluthi moja ya waliokuwa wanameza simvastatini waliripoti maumivu ya misuli wakati mmoja au mwingine. Namba ya kutisha, mpaka utazame upande wa pili: katika wale waliomeza kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, ilikuwa theluthi ileile. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa majaribio 19 yenye washiriki karibu 124,000, ambamo si mgonjwa wala daktari aliyejua nani anameza nini. Waliopata maumivu ya misuli walikuwa asilimia 27.1 kwenye statini na asilimia 26.6 kwenye kidonge kitupu. Tofauti iliyokuwepo ilionekana mwaka wa kwanza, watu kama 11 wa ziada katika kila 1,000, na baada ya hapo haikuonekana tena. Kwa hesabu ya watafiti hao, zaidi ya malalamiko 9 kati ya kila 10 hayakusababishwa na dawa.

Takwimu za umma, hata hivyo, hazimtulizi mtu ambaye mguu wake unauma usiku wa leo. Kwa hiyo jaribio ninalolithamini kuliko yote ni dogo, lililofanywa na chuo cha Imperial College London na kutolewa mwaka 2020 kwa jina la SAMSON. Washiriki wake 60 walikuwa watu waliowahi kuacha statini kwa sababu ya kero zilizowapata ndani ya wiki mbili za kuanza, yaani watu haswa wanaosema, "Mimi dawa hii hainipendi." Kila mmoja alipewa chupa 12 za kutumia mwaka mzima, chupa moja kwa mwezi, kwa mpangilio aliopangiwa kwa bahati nasibu. Nne zilikuwa na atovastatini miligramu 20, nne zilikuwa na vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na nne hazikuwa na kitu. Kila siku mshiriki alifungua simu yake na kuandika namba kati ya 0 na 100 kueleza anavyojisikia. Miezi ya chupa tupu, wastani ulikuwa 8.0. Miezi ya statini, ulipanda mpaka 16.3. Miezi ya kidonge kisicho na dawa, ulikuwa 15.4. Kadiri ya sehemu 9 kati ya 10 za mateso waliyoyapata zilitokana na tendo la kumeza kidonge. Dawa yenyewe ilichangia sehemu ndogo iliyobaki. Chupa zilizoachwa katikati kwa sababu kero zilizidi zilikuwa 71, na kati ya hizo 31 zilikuwa za vidonge vitupu. Baadaye kila mshiriki alionyeshwa grafu yake mwenyewe, mwezi kwa mwezi. Miezi sita baada ya jaribio kwisha, nusu yao walikuwa wamerudi kwenye statini. Hakuna aliyewahubiria. Waliona miili yao wenyewe ikitoa ushahidi.

Hapa ndipo mgonjwa mwenye akili timamu anaponyanyua sauti: je, mnatuita waongo? Swali hilo ni la haki, na limesababishwa na namna madaktari wengi wanavyolieleza jambo hili. Wataalamu huita hali hiyo nosebo: mtu anapotarajia dhara, ubongo huongeza umakini juu ya ishara za mwili na kuzikuza mpaka ziwe maumivu kamili. Namba 15.4 iliandikwa na watu waliokuwa wanaumia kweli, na wengine waliumia kiasi cha kushindwa kuendelea na kidonge ambacho hakikuwa na kitu ndani. Kusema kwamba chanzo ni matarajio hakupunguzi hata chembe ya maumivu hayo. Tena maumivu hayo si jambo la nosebo peke yake. Wengi wanaopewa statini wamevuka miaka 50, umri ambao viungo huuma kwa mizigo, kwa kazi, kwa baridi yabisi, kwa kulala vibaya. Maumivu ambayo mwaka jana yangelaumiwa shamba au ngazi za ofisini, mwaka huu yana kidonge cha kulaumiwa. Mgonjwa hajadanganya. Amefanya kile ambacho kila mtu hufanya, kufuatanisha mambo mawili yaliyokuja pamoja, na hilo ni kosa la kimantiki linalowapata hata maprofesa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita kwa haraka. Wakosoaji wanasema majaribio makubwa yaliwachuja watu kabla ya kuanza. Lile la mwaka 2002, kwa mfano, liliwapa washiriki statini kwa wiki kadhaa za awali, na walioshindwa hawakuendelea. Ukishawatoa walioumia, unashangaa nini ukiona waliobaki hawaumii? Wanaongeza kwamba mengi ya majaribio hayo yalilipiwa na watengenezaji wa dawa. Yote mawili ni kweli. Na upo ushahidi unaowaunga mkono: katika jaribio la mwaka 2016 lililoitwa GAUSS-3, wagonjwa karibu 500 waliokuwa wameshindwa statini walipewa atovastatini na kidonge kitupu kwa zamu bila kujua kipi ni kipi. Asilimia 42.6 waliumia kwenye statini peke yake. Wale ni wengi, na hakuna mahubiri ya nosebo yatakayowafuta. Lakini soma sentensi inayofuata katika matokeo hayohayo: asilimia 26.5 waliumia kwenye kidonge kitupu peke yake. Yaani hata katika kundi lililochaguliwa kwa sababu limeshindwa dawa, zaidi ya robo walikuwa wameilaumu bure. SAMSON, ambalo liligharimiwa na taasisi ya hisani ya moyo ya Uingereza na halikuwachuja walioumia bali liliwatafuta, lilielekea upande huohuo. Matokeo haya hayagongani kama yanavyoonekana. Yanasema kuna watu ambao statini inawaumiza, kuna watu ambao haiwaumizi ingawa wanaumia, na kwa kumsikiliza tu mgonjwa akieleza maumivu yake huwezi kuwatofautisha. Ndiyo sababu nasisitiza kupima badala ya kuamini au kukanusha.

Wapo wanaouliza kama faida yenyewe inastahili usumbufu wote huu. Jibu linategemea nani anauliza. Kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, jaribio la nchi za Skandinavia la mwaka 1994, lenye wagonjwa 4,444, lilionyesha simvastatini ikipunguza vifo kwa asilimia 30. Makadirio yanayokubalika ni kwamba ukishusha LDL kwa milimoli 2 kwa lita katika watu 10,000 wa aina hiyo, kwa miaka mitano, unazuia mashambulizi makubwa ya moyo na mishipa kama 1,000. Kwa walio katika hatari ingawa hawajaugua, ni kama 500. Kwa mtu mwenye umri wa miaka 42, asiyevuta sigara, mwenye shinikizo la damu la kawaida na lehemu iliyozidi kidogo, faida ni ndogo, na kero hata ndogo inaweza kutosha kumfanya aseme hapana. Hilo ni chaguo lake halali. Ninachopinga ni kuwachanganya wawili hawa. Aliyewekewa kizibuo kwenye mshipa wa moyo, akaacha dawa baada ya kusikia kisa cha yule mwenye miaka 42, amefanya hesabu kwa namba za mtu mwingine.

Visa hivyo vina nguvu kuliko tunavyokiri. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha makala mbili zilizosema kwamba watumiaji kati ya asilimia 18 na 20 hupata madhara. Mwaka uliofuata kauli hizo ziliondolewa kwa kuwa hazikuungwa mkono na utafiti uliotajwa, lakini magazeti na televisheni vilikuwa vimekwisha kuzisambaza, na utafiti wa baadaye ulikadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 nchini Uingereza waliacha statini katika kipindi hicho cha mabishano. Hapa pana mtego wa kimaadili. Kama kutajiwa dhara kunaweza kulileta, je, daktari anyamaze? Hapana. Mgonjwa aliyefichwa atakuja kuambiwa na jirani, na hataamini tena chochote kinachosemwa kliniki. Kinachofaa ni kumwambia kwa uwiano: katika watu 100, mmoja hivi ataumwa misuli mwaka wa kwanza kwa sababu ya dawa, wengine zaidi ya 20 wataumwa kwa sababu nyingine, na ukiwa mmoja wao njoo tutafute pamoja. Maneno hayo hayafichi kitu, na yanamwachia mgonjwa mlango wa kurudi.

Kutafuta pamoja kunafanyikaje? Kwanza kuna dharura isiyosubiri mjadala: maumivu makali pamoja na udhaifu, na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Huyo aache dawa na afike hospitali siku hiyohiyo, apimwe kimeng'enya cha misuli, CK, na figo. Ni nadra sana, lakini ndiyo ile iliyowaua watumiaji wa serivastatini. Kwa wengine wote kuna nafasi ya kuchunguza. Maumivu ya statini kwa kawaida huja pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, nyonga na mabega, ndani ya wiki chache za kuanza au kuongeza dozi. Goti moja linalouma tangu mwaka juzi lina historia yake. Halafu aulizwe anachomeza pamoja nayo. Erithromaisini na klarithromaisini, ambazo watu hununua duka la dawa kwa kikohozi tu, huzuia ini kuivunja simvastatini, ikajaa mwilini. Dawa za kuvu kama itrakonazo hufanya vivyo hivyo, na juisi ya balungi ikinywewa kwa wingi. Tezi ya shingo iliyozorota huleta maumivu ya misuli na hupandisha lehemu kwa wakati mmoja, kwa hiyo kuna wagonjwa ambao ukitibu tezi unatatua yote mawili.

Yote hayo yakiwa sawa, dawa isimamishwe kwa wiki mbili mpaka nne, kwa makubaliano na kwa tarehe ya kurudi. Maumivu yakibaki vilevile, dawa imepata dhamana. Yakiondoka, irudishwe, aidha ileile kwa dozi ndogo au nyingine ya jamii hiyo. Rosuvastatini, kwa mfano, hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa huimeza siku moja na kuruka inayofuata, na bado LDL hushuka. Kurudisha kunawatisha wengi, na ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Lakini katika uchambuzi wa rekodi za hospitali mbili kubwa za Boston uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa zaidi ya 6,500 walioacha statini kwa sababu ya kero walirudishiwa dawa ya jamii hiyo, na mwaka mmoja baadaye zaidi ya 9 kati ya kila 10 walikuwa bado wanaitumia. Anayebaki ana njia nyingine. Ipo ezetimibi, inayozuia utumbo kunyonya lehemu. Ipo pia asidi ya bempedoiki, ambayo huamka ndani ya ini na kubaki imelala kwenye misuli. Mwaka 2023 ilionyeshwa kupunguza mashambulizi makubwa kwa asilimia 13 katika watu karibu 14,000 walioshindwa au kukataa statini, ingawa iliwaongezea baadhi yao jongo. Bei yake bado iko mbali na mifuko mingi ya huku kwetu. Kuhusu mchele mwekundu uliochachushwa, unaouzwa kama tiba ya asili kwa wanaokimbia kemikali: kiini chake kinachoshusha lehemu ni lovastatini yenyewe, ila bila kipimo kinachojulikana.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu anaweza kuona haya ni mambo ya nchi zenye daktari wa kila familia. Ni kweli kwamba tatizo letu kubwa ni kinyume chake: utafiti wa nchi 41 za kipato cha chini na cha kati uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika watu waliokwisha kuugua moyo au kiharusi, karibu mmoja tu kati ya watano ndiye aliyekuwa anatumia statini. Lakini pale dawa ilipopatikana kwa taabu, kuiacha bila sababu kunagharimu zaidi. Na utaratibu ninaouelezea si mgeni kwetu. Vituo vya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU vimekuwa vikiufanya kwa miaka. Stavudini ilipowaletea watu ganzi na moto miguuni na kuwanyausha mashavu, malalamiko yao yaliandikwa na kusikilizwa, na mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua. Hakuna aliyesema waache ARV. Walibadilishiwa.

Vituo hivyohivyo ndivyo vitakavyokutana na statini kwa wingi, maana waliookolewa na ARV sasa wanazeeka, na moyo wao uko kwenye hatari kubwa kuliko wa wenzao. Jaribio liitwalo REPRIEVE, lililotoa matokeo mwaka 2023, liliwafuata watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo. Pitavastatini ilipunguza mashambulizi makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 35. Kero za misuli zilikuwa asilimia 2.4 kwenye dawa na 1.4 kwenye kidonge kitupu. Simvastatini na lovastatini hazifai kabisa kwa anayetumia dawa za mstari wa pili zenye ritonavia, kwa hiyo muuguzi anayepanga vidonge mezani lazima ajue kilichomo kwenye kila kopo. Tayari humuuliza mgonjwa amekosa dozi ngapi tangu alipokuja mara ya mwisho na maudhi gani yamempata, na humwomba amwage vidonge vilivyobaki avihesabu. Kwenye kliniki ya shinikizo na kisukari, pengine chini ya paa lilelile, maswali hayo mawili yanaweza kuulizwa kuanzia wiki ijayo, na jibu likiandikwa kwenye kadi pamoja na tarehe ya kusimamisha dawa na tarehe ya kuirudisha, jaribio la mgonjwa huyo litakuwa limeanza.